Kabla ya lifti, zege

Mtu akiingia getini kwangu Goba, Dar es Salaam, na kuziona zile nguzo mbili nyekundu za lifti ya kunyanyulia magari chini ya banda la mabati, swali la kwanza huwa bei. La pili, kama inanyanyua Prado. Sakafu haimo kabisa kwenye mazungumzo, na mimi ndiko ningependa tuanzie, tena kwa kirefu. Mashine ni suala la pesa: ukiwa nayo unalipa, inaletwa, inafungwa. Lakini kinachoizuia isilale chini na gari la tani mbili juu ya kichwa chako ni zege na bolti chache zilizozama humo, na zege hilo hulikuti dukani likiwa na warantii.

Kazi inayonilisha ni ya mezani, hesabu na kompyuta. Magari ni ugonjwa wa Jumamosi na Jumapili. Kwa miaka mingi nimeshusha gia boksi nikiwa chali juu ya kipande cha boksi la friji, tochi ya simu mdomoni, mchanga ukinidondokea machoni. Anayeijua kazi hiyo anajua pia kwamba muda mwingi unaishia kwenye kutambaa: unaingia, spana siyo, unatoka, unatafuta namba 17, unaingia tena. Mgongo ukifika umri fulani unaanza kudai haki zake.

Wengi tumeiona lifti kwenye gereji kubwa za mjini tu, tukiwa tumekaa kwenye benchi tunasubiri gari, kwa hiyo nieleze inavyofanya kazi. Ndani ya kila nguzo kuna kipande cha chuma kinachopanda na kushuka, na kwenye kipande hicho imefungwa mikono miwili. Mikono yote minne inaingia chini ya gari na kushika bodi au chasisi, magurudumu yanabaki yananing'inia. Mota na pampu vimefungwa kwenye nguzo moja. Pampu inasukuma mafuta ya haidroliki kwenye silinda za nguzo zote mbili. Nyaya nene za chuma zinavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili mikono ya kushoto isiiache ya kulia. Na ndani ya nguzo kuna meno ya kufungia: gari likipanda unayasikia yakigonga, kha, kha, kha, na ukifika kimo unachotaka unalishusha kidogo mpaka liketi juu ya meno hayo. Kuanzia hapo uzito hauko tena kwenye mafuta, uko kwenye chuma. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na mafuta peke yake, hata kama ni kuangalia mara moja tu.

Anayetajwa kuwa baba wa lifti za mafuta za magari ni Mmarekani wa Memphis, Peter Lunati, mwaka 1925, na inasimuliwa kuwa wazo alilipata kwenye kiti cha kinyozi, kile kinachopanda ukikanyaga. Lifti yake ilikuwa mhimili mmoja unaochomoza kutoka ardhini, silinda ikiwa imezikwa. Nguzo mbili zinazosimama juu ya sakafu zilikuja baadaye, na ndizo zilizoifanya lifti iwezekane nyumbani kwa mtu, kwa sababu huchimbi kisima cha silinda. Unaifunga kwa bolti tu. Hilo "tu" ndilo linalodanganya watu.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisichimbe shimo. Gereji nyingi za Dar zinaishi kwa shimo, na sizibezi. Shimo ni rahisi, halihitaji umeme, na limelea mafundi wazuri. Ila lina mambo yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo ukifungua paipu ya mafuta juu, mvuke unateremka na kukaa palepale ulipo wewe na balbu yako. Moshi wa eksozi nao ukiingia humo hautoki upesi. Masika yakija shimo linakuwa tanki. Na hata likiwa kavu halikusaidii kwenye breki wala shokapu, maana magurudumu bado yamekanyaga chini, utarudi kwenye jeki. Mimi nina watoto nyumbani, na watoto wa majirani wanaingia uani kwangu bila hodi. Shimo la mita moja na nusu lingeninyima usingizi.

Jeki na tofali sina haja ya kuzieleza. Kila mtaa una msiba wake wa jeki. Tofali la saruji halipindi kwanza likakuonya, linapasuka.

Basi nikaamua lifti, na nikaanza na kimo. Lifti za nguzo mbili ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza nyaya zake na paipu ya mafuta zinapita juu, kwenye mwamba unaounganisha vichwa vya nguzo. Sakafu inabaki wazi, lakini unahitaji paa refu, maana mwamba wenyewe uko mita tatu na nusu na zaidi. Ya pili nyaya zinapita chini, ndani ya kifuniko cha chuma kinacholala sakafuni katikati ya nguzo, na nguzo zake ni fupi, kama mita 2.8. Hiyo ya pili ina kero: kile kifuniko ni tuta dogo, ukisukuma toroli ya vifaa linakukwaza, na gari lililokufa injini lazima mlisukume kwa nguvu livuke. Nilichukua hiyo hiyo. Banda langu halikutaka mjadala mwingine.

Hata hivyo ufupi wa nguzo usikuchanganye. Hesabu yenyewe ni gari. Mikono inapanda mpaka kama mita 1.8 hivi. Weka juu yake salun ya mita 1.5, umefika 3.3. Weka Noah, ambayo inakaribia mita 1.9, umeshapita 3.6, na bado kuna keria na taa ya dari. Kozi moja ya tofali la inchi sita pamoja na udongo wake inakaribia sentimita 25, kwa hiyo kozi kumi na sita ndizo zinazokupa mita nne. Banda langu lilikuwa na kozi kumi na mbili. Tukaongeza upande wa juu na kugeuza mteremko wa bati, na hiyo ikawa kazi ya siku chache isiyo na hadithi.

Hadithi iko chini.

Sakafu iliyokuwepo ilikuwa ya kupaki gari: zege jembamba juu ya kifusi, likapigwa sakafu laini ya saruji juu, likapendeza. Kwa jicho ilikuwa imara kabisa. Nikachukua patasi na nyundo nikatoboa kwenye kona moja, nikakuta zege lenyewe halifiki sentimita nane, na chini yake kifusi cha vipande vya tofali kilichomwagwa bila kushindiliwa sawasawa. Huo si ubaya wa fundi aliyeimwaga; aliambiwa gari litapaki, na gari likipaki linagawa uzito wake kwenye matairi manne yanayokandamiza chini.

Lifti haikandamizi tu. Inang'oa. Fikiria nguzo moja. Gari la tani mbili likiwa juu, nguzo hiyo inabeba nusu yake, kilo 1,000. Lakini uzito huo hauko juu ya nguzo, uko pembeni, kwenye mikono iliyonyooka kuelekea katikati. Tuseme unaangukia nusu mita kutoka ukingo wa ndani wa bamba la chini, na bolti za upande wa nje ziko sentimita 35 kutoka ukingo huohuo. Zidisha 1,000 kwa 50, gawa kwa 35: unapata kilo 1,400 na ushee zinazovuta bolti za nje kwenda juu. Ni hesabu ya juu juu, mhandisi ataiboresha, lakini inakuonyesha mwelekeo. Nguzo zote mbili zinataka kuinamiana, na zinazozikatalia ni bolti za nje. Bolti nayo mara nyingi haishindwi kwa kukatika. Zege likiwa jembamba au dhaifu, bolti inatoka mzima mzima na bonge la zege limeishikilia, kama mhogo unavyong'oka na udongo wake.

Baada ya kuelewa hivyo, vitabu vya maelekezo vikaanza kusomeka. Vya Marekani vingi vinaridhika na inchi nne za zege zima lenye nguvu inayotakiwa. Vingi vya mashine za Kichina na za Ulaya vinataka sentimita 15 mpaka 20 na zaidi. Vyote vinakubaliana kwenye mambo mengine: zege liwe limekomaa siku 28, bolti isikaribie ufa wala ungio wala ukingo, na usifunge kamwe juu ya marumaru, terazo au lami. Tabaka la urembo linapasuka chini ya bamba, bolti inalegea, nawe unadhani umeikaza.

Niliamua kukata sakafu ya zamani na kumwaga kitanda kipya, mita 4 kwa mita 2, kina sentimita 25. Hiyo ni mita 2 za ujazo. Zege hilo peke yake lina uzito wa karibu tani tano, na nilitaka hivyo. Chini yake tulichimba mpaka udongo mgumu, tukapanga mawe, tukashindilia kwa mashine ya kukodi, tukatandika nailoni. Nondo za milimita 12 tabaka mbili, moja chini na moja karibu na juu, zikiwa zimepishana sentimita 20. Kabla ya kumwaga nilitandaza futi ya chuma juu ya nondo nikapiga picha kila upande, na sehemu ambazo bolti zitapita tukasogeza nondo pembeni. Picha hizo bado ninazo kwenye simu. Wakati wa kutoboa ndizo zilizoniambia pa kuweka biti, na biti ya zege ikikutana na nondo ya mili 12 kazi ya asubuhi imekwisha.

Fundi wangu wa ujenzi ni mtu ninayemheshimu, amenijengea ukuta na choo cha nje na vyote vimesimama. Lakini kwenye hili tulivutana.

"Bosi, hii inchi kumi unamwaga ya nini? Ghorofa?"

"Fundi, gari litakuwa hewani na mimi niko chini yake."

"Sawa, lakini inchi sita zinatosha. Saruji unaipoteza."

Saruji nilikuwa nimeshanunua, ya daraja la nguvu 42.5, mifuko kumi na sita. Kipimo nilichotaka kilikuwa moja kwa moja na nusu kwa tatu: mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga karibu ndoo mbili na nusu za lita ishirini, kokoto kama ndoo tano. Kokoto zilitoka Lugoba, ngumu, zenye kona. Mchanga wa mto, uliooshwa; mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi inakula nondo taratibu, hata ukiona zege linang'aa. Mpaka hapo tukaelewana.

Tulipogombana ni kwenye maji. Zege la kipimo hicho, ukiweka lita 25 kwa mfuko, linatoka zito, halitiririki. Saidia fundi wanachoka haraka. Kila nikigeuka, mtu ana ndoo mkononi. "Tulainishe kidogo, bosi, hili limekaza sana." Naelewa kwa nini, beleshi ni lao, mgongo ni wao. Lakini saruji inahitaji maji kiasi tu ili ishike, na yaliyozidi hayana kazi nyingine isipokuwa kukaa humo, kisha kukauka na kuacha vitundu visivyohesabika. Zege laini linamwagika vizuri, linasawazishwa vizuri, linapendeza jioni hiyohiyo, na linakuwa dhaifu maisha yake yote. Nikafanya mambo mawili. Nikakodi vaibreta, ili zege zito lishuke na kujaa bila kuongezwa maji. Na nikasimama kwenye pipa. Nilisimama pale mchana kutwa kwenye jua la Dar, nikipima ndoo kwa ndoo, na nina hakika kwamba jioni walipoondoka walinisema njia nzima. Chakula chao niliongeza nyama.

Kisha ukaja muda wa kukaa na kumwagilia. Siku ya tatu mtu anaweza kutembea juu ya zege, anaweza kurukaruka, na fundi akaja kuniambia twende tukatoboe. Likiwa na siku saba zege la kawaida huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28, tena kama limenyeshewa. Kwenye joto letu uso wake unakauka kabla ya ndani hakujashika, ndiyo maana tulizungushia ukuta mdogo wa mchanga pembeni, tukajaza maji juu, tukafunika magunia. Mke wangu aliliita bwawa. Kuku wa jirani walilikubali kama bwawa.

Wakati huo mashine ilikuwa imeshafika. Nilinunua Gerezani, ya Kichina, ya tani nne, na ilikuja kwenye Kenta ikiwa imefungwa ndani ya fremu ya chuma, kilo mia sita na kitu. Kuhusu kuishusha nitasema jambo moja tu: usiwaachie makuli wanne na kamba. Kila nguzo ni chuma kirefu chenye ncha, kikiteleza kinakata mguu. Lipa folklifti au gari lenye winchi, hata kama umbali ni wa hatua kumi.

Nilipokuwa nachagua, nilitafuta mashine yenye cheti cha Ulaya cha EN 1493, kiwango cha lifti za magari, na nikadai kitabu kiwe na mchoro wa bamba la chini wenye vipimo. Muuzaji asiyeweza kukupa mchoro wa bolti kabla hujalipa, mwache. Utamwaga zege kwa kukisia.

Siku ya kufunga ilikuwa tulivu kuliko nilivyodhani, labda kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeshaamuliwa na sakafu. Tulipiga mstari wa chaki, tukaweka alama za bamba zote mbili, kisha tukapima pembe kwa pembe, kutoka kona ya nje ya bamba moja mpaka kona ya mshazari ya bamba la pili, na kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, nguzo zinatazamana sawasawa. Tukasimamisha nguzo ya kwanza, timazi pande mbili, tukatoboa kupitia matundu ya bamba lenyewe kwa biti yenye unene uleule wa bolti.

Vumbi la tundu hilo watu hulidharau. Bolti ya kupanuka inashika kwa kusukuma kuta za tundu. Kuta zikiwa na unga, inashika unga. Tulitumia pampu ya baiskeli yenye kipande cha mpira mwembamba kilichofika mpaka chini, tukapuliza, tukasugua kwa brashi ndefu, tukapuliza tena mpaka hewa ikatoka safi. Unga ule mweupe unaingia puani na kukaa, vaa barakoa. Kisha bolti ikagongwa kwa nyundo, washa, nati, na kukazwa kwa spana yenye kipimo mpaka namba iliyo kwenye kitabu. Hapa ndipo unapolijua zege lako. Bolti ikiwa kwenye zege zuri, nati inazunguka kidogo, inagoma, spana inalia. Ikiwa kwenye zege bovu, inazunguka, inazunguka, na bolti inapanda polepole kutoka sakafuni huku wewe unafurahi kwamba unakaza. Zetu ziligoma zote. Fundi wa ujenzi, aliyekuja kuangalia kwa hiari yake, alizigonga moja moja kwa nyundo, akasikiliza, akasema, "Haya, bosi. Hapa hata nyumba ing'oke, hizi zinabaki." Nilichukua hiyo kama suluhu.

Pale ambapo bamba halikukaa sawa kabisa tuliweka vipande vyembamba vya chuma chini yake, karibu na bolti, kabla ya kukaza. Si kadibodi, si mbao, na si mrundo mkubwa. Kitabu kinataja kikomo.

Umeme. Mota nyingi za lifti hizi ni za kilowati 2.2, na zinapatikana za fezi tatu au fezi moja. Nyumba nyingi zetu ni fezi moja, hivyo uliza kabla ya kununua. Nimeona mashine nzuri imekaa miezi imefunikwa turubai kwa sababu mwenye nayo alinunua ya fezi tatu kwa vile ilikuwa na punguzo. Fundi umeme alivuta waya wa mili nne moja kwa moja kutoka kwenye meinswichi, na breka yake peke yake, na ethi inayofanya kazi kweli. Mota inapoamka inavuta umeme mwingi kuliko inapozunguka. Waya mwembamba au mrefu mno unaifanya inguruma bila kupanda. Kwa wanaowaza uniti za LUKU: inafanya kazi chini ya dakika moja kupandisha, na kushuka hakuli umeme, gari linashuka kwa uzito wake.

Lakini kuna kitu ambacho wauzaji hawakisemi. Gari likiwa limeketi kwenye meno, huwezi kulishusha moja kwa moja. Lazima ulipandishe kidogo kwanza, meno yaachie, ndipo uvute waya wa kufungulia na kushusha. Kupandisha kunataka mota. Kwa hiyo umeme ukikatika gari likiwa juu, linabaki juu. Jenereta ndogo ya nyumbani, ile ya kuwashia taa na televisheni, haiwezi kuiamsha mota hiyo. Jirani yangu mmoja, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, aliniachia pikapu yake niangalie difu, umeme ukakatika mchana, ukarudi usiku. Alikuja saa kumi kuulizia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Nikanyoosha kidole juu. Akaliangalia, akanitazama, akavuta kiti. "Haya, lete kahawa tusubiri." Tangu hapo wateja wangu wa undugu na ujirani nawaambia mapema: ukiwa na safari jioni, usilete gari asubuhi.

Kabla ya gari lolote kupanda, mashine ilipanda na kushuka tupu mara kadhaa ili hewa itoke kwenye mafuta, na nyaya zikarekebishwa mpaka meno ya nguzo zote mbili yakagonga kwa pamoja. Mlio ukiwa mmoja, nyaya ziko sawa. Ukisikia kha-kha, upande mmoja unatangulia, na gari lako litapanda likiwa limeinama. Gari la kwanza lilikuwa Vitz ya nyumbani, ya tani moja tu. Nililiinua matairi yakaachana na sakafu kwa upana wa kiganja, nikalisukuma kwa mikono mbele na nyuma, kwa nguvu, kuona kama litateleza kwenye vikombe vya mpira. Ukiwa utashtuka, shtuka gari likiwa chini. Baada ya hapo nilikaza bolti zote upya, na nikarudia baada ya gari zito la kwanza.

Mahali pa kuweka mikono hapakisiwi. Salun nyingi za Kijapani zina sehemu mbili kila upande, kwenye ukingo wa chini ya milango, zenye alama ya pengo dogo. Gari lenye chasisi linashikwa kwenye chasisi. Gari la kuvuta mbele lina uzito mwingi mbele, injini na gia boksi viko huko, kwa hiyo katikati ya uzito si katikati ya urefu. Na ukishusha injini gari likiwa juu, uzito unahama; mkia unakuwa mzito ghafla. Weka stendi ndefu nyuma kabla hujafungua bolti ya mwisho.

Na ndipo unapolijua gari. Lile Vitz nilikuwa nalo miaka, nililijua kwa chali, kipande kwa kipande. Nikasimama wima chini yake kwa mara ya kwanza, taa ikiwa nyuma yangu, nikaona kitu ambacho ukiwa umelala hukioni: njia nzima ya grisi. Kava la mpira la shafti ya kushoto lilikuwa limechanika mkunjo mmoja, upande unaotazama injini, na grisi nyeusi ilikuwa imerushwa kwa duara, ikaanzia kwenye mkono wa chini, ikapanda ndani ya shokapu, ikamalizikia kwenye paipu ya breki ambako ilishika vumbi jekundu la Goba mpaka likawa ganda. Sampo ilikuwa na kibonyeo cha tuta, rangi imetoka, na kutu ikianza pembeni. Nyuma, kwenye maungio ya bodi, kulikuwa na kutu ya zamani zaidi, ya aina inayopatikana kwenye magari yaliyoishi mikoa ya Japani yenye theluji na chumvi ya barabarani kabla ya kupanda meli. Nilikaa chini ya gari lile, nikiwa nimesimama, muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe.

Habari zimesambaa mtaani, na Jumamosi getini hakukosekani mtu. Nakataa zaidi ya ninavyokubali. Land Cruiser V8 yenye tani mbili na nusu na zaidi iko ndani ya uwezo wa mashine, lakini ikija na keria ya chuma, tanki limejaa na mizigo ya safari ya Mbeya, naomba ishushwe mizigo kwanza. Kenta sipandishi, hata tupu. Na sitozi hela; siku nikianza kutoza, hii itakuwa gereji ya biashara katikati ya nyumba za watu, na majirani watakuwa na haki ya kulalamika kelele.

Wapangaji wameniuliza kama inawezekana kwenye nyumba ya kupanga. Inawezekana, ila fikiria siku ya kuhama. Nguzo zinafunguka na kupakiwa, lakini bolti za kupanuka hazichomoki. Unazikata kwa grainda usawa wa sakafu na kuziba. Kwa mpangaji ningemshauri lifti fupi ya mkasi, inayolala chini na kunyanyua gari mpaka kiunoni, inatosha kwa breki, shokapu na kumwaga oili, na hutoboi kitu. Akishikilia nguzo mbili, akubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi nani analipia saruji, maana lifti ataondoka nayo, na tani tano za zege zitabaki kwa mwenye nyumba.